Laini mpya ya umeme kwa vijiji vinavyokua: kilovoti 33, 66 au 132?

Saa moja na nusu usiku, mwisho kabisa wa laini ndefu ya kilovoti 33, kipima volti kinasoma 178. Kilitakiwa kisome 230. Balbu za kizamani zimebaki na rangi ya kaa la moto, friji inanguruma bila kupoza, na mwenye mashine ya kusaga ameshazima swichi kuu. Anajua akiiwasha sasa mota itavuma tu isizunguke, na mwisho itaungua. Mota iliyobebeshwa kazi ile ile huku imenyimwa volti huvuta ampea nyingi zaidi, na joto la ampea hizo ndilo linaloiua. Nyuma ya banda lake kuna injini ya dizeli ya akiba. Mkumbukeni huyu mtu, tutarudi kwake.

Eneo la namna hii linapokua, hoja ya laini mpya hufika mezani, na kila upande huja na jibu lake tayari. Wahasibu wanataka laini iliyopo iongezwe nguvu. Wahandisi wanataka msongo mkubwa, yaani laini ya kilovoti nyingi zaidi. Siku hizi kuna na upande wa tatu: wekeni paneli za jua na betri huko huko, laini ya nini? Zote tatu zina hoja, ila hazijibu swali moja. Nitazipima kwa eneo moja la mfano.

Eneo letu liko kilomita 70 kutoka kituo cha kupoza umeme kilicho karibu. Saa ya kilele linatumia megawati 6, na mahitaji yanakua asilimia 8 kwa mwaka. Asilimia 8 inasikika ndogo, lakini maana yake ni kwamba matumizi yanakuwa maradufu kila baada ya miaka 9. Mwaka wa 10 ni megawati 13, mwaka wa 20 ni 28. Hesabu zifuatazo ni za kukadiria, kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi ya kweli) ya 0.95, na zinachukulia kwamba mzigo wote uko mwisho wa laini. Mzigo ukisambaa njiani hali inakuwa nafuu kidogo, lakini mpangilio wa nani mbele nani nyuma haubadiliki.

| | Leo, MW 6 | Mwaka wa 10, MW 13 | Mwaka wa 20, MW 28 |
|---|---|---|---|
| kV 33, waya wa mm² 100 | volti zinashuka 16%, upotevu 13% | haiwezi | haiwezi |
| kV 66, waya wa mm² 150 | zinashuka 3%, upotevu 2% | zinashuka 7%, upotevu 5% | zinashuka 15%, upotevu 10% |
| kV 132, waya wa mm² 180 | zinashuka chini ya 1%, upotevu 0.5% | zinashuka 2%, upotevu 1% | zinashuka 3%, upotevu 2% |

Siri ya jedwali hili ni moja: upotevu hufuata ampea kwa kipeo cha pili. Ukipandisha msongo mara nne, ampea zinabaki robo, na joto linalopotea kwenye waya ule ule linabaki moja ya kumi na sita. Jambo hili lina zaidi ya karne. Mwaka 1891 Wajerumani walisafirisha umeme wa njia tatu kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa kilovoti 15 hivi, na sehemu kubwa ya nguvu ikafika. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha tena kuhusu msongo mkubwa. Ubishi uliobaki ni wa gharama, na gharama huanza kueleweka pale unapouliza ni ya miaka mingapi.

Kuitia viraka laini ya 33

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayodharauliwa na wahandisi na kupendwa na wenye fedha, na pande zote mbili zinakosea.

Kapasita, vifaa vya kusahihisha pawa fakta, zikifungwa mwisho wa laini na kuiinua hadi 1, volti zinazoshuka zinatoka asilimia 16 hadi kama 12. Hiyo ni kazi ya wiki chache. Kirekebisha volti, yaani transfoma yenye hatua 32 inayoweza kupandisha au kushusha asilimia 10, kinaongezwa katikati ya njia na watu wanapata umeme unaofaa kesho yake. Lakini kifaa hiki hakipunguzi upotevu kwa kiasi cha maana. Kinapandisha volti mbele yake kwa kuvuta ampea zaidi nyuma yake. Nimewahi kuona vitatu vimefungwa mfululizo kwenye laini moja, kila kimoja kinamsukuma mwenzake, na asubuhi mzigo ulipodondoka ghafla vikachelewa kushuka na taa za watu zikaungua kwa volti zilizozidi.

Kubadilisha waya kuwa mnene nako kuna mpaka. Ukitoka milimita za mraba 100 kwenda 150, volti zinazoshuka leo zinatoka 16 hadi 12 tu. Waya mnene unapunguza ukinzani wa metali, lakini ule ukinzani mwingine, unaotokana na usumaku unaouzunguka waya wenye umeme wa kupishana, haubadiliki kwa kiasi cha maana hata unene ukiongezeka. Ukijenga laini ya pili ya 33 kando ya ya kwanza, mnagawana mzigo na volti zinashuka asilimia 8. Mwaka wa 10 mmerudi kwenye 17, na sasa mna laini mbili zilizochoka badala ya moja.

Kwa hiyo viraka ni dawa ya miaka mitatu, labda minne. Usidharau miaka mitatu lakini. Laini ya msongo mkubwa, tangu wazo hadi kuwashwa, mara nyingi huchukua miaka minne, mitano, hata zaidi, na muda mwingi unaliwa na ardhi na vibali kuliko nguzo. Anayekataa kapasita kwa sababu "laini kubwa inakuja" anawaachia watu volti 178 kwa miaka hiyo yote. Viraka na laini kubwa vinatakiwa vianze siku moja.

66 dhidi ya 132

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Kilovoti 66 inapendeza. Inaweza kukaa juu ya nguzo za mbao au zege zilizounganishwa mbili mbili, vikombe vinavyoutenga waya na nguzo ni vichache, transfoma ni ndogo, na mkandarasi wa kawaida anaijenga. Kwa jedwali letu inatosha vizuri hadi mwaka wa 10, na kwa kapasita inaweza kusogezwa hadi kama wa 15. Ikiwa ukuaji wa eneo ni asilimia 3 au 4 tu, itamaliza miaka yote 20 bila jasho, na aliyejenga 132 atakuwa ametumia fedha nyingi kupeleka umeme kidogo.

Kasoro yake kubwa haiko kwenye jedwali. Uliza kwanza: gridi yenu ina 66 mahali pengine? Kama haina, mnaanzisha msongo yatima. Transfoma yake haiwezi kuazimwa kituo kingine ikiharibika, vikombe na swichi vinaagizwa peke yake, na kile kituo cha kwanza kinahitaji transfoma ya ziada ya kutoka 132 kwenda 66 kabla hata safari haijaanza. Transfoma kubwa ikiungua, mpya inaweza kuchukua miezi mingi kufika, hata zaidi ya mwaka. Kwenye msongo ambao gridi inautumia kila siku, unahamisha ya akiba ndani ya wiki chache. Mimi hoja hii peke yake imenitosha mara nyingi kuiacha 66 nzuri na kuchukua 132 ya gharama zaidi.

Kilovoti 132 ni ya minara ya chuma au nguzo ndefu za chuma. Minara ikiachana mita 320 kwa wastani, kilomita 70 zinahitaji kama minara 220. Inapeleka megawati 28 bila kutoa jasho, na ina kitu ambacho 66 haina: siku moja inaweza kuendelezwa mbele hadi ikutane na kituo kingine cha gridi, mzunguko ukafungwa, umeme ukaanza kuingia kutoka pande mbili. Kwa eneo linalokua, hili huwa ndilo faida kubwa, ingawa katika hesabu za mwanzo halina safu yake.

Miaka ya mwanzo, mzigo ukiwa mdogo, laini ndefu ya 132 inaweza kufanya kinyume cha tatizo letu: volti za mwisho zikawa juu kuliko za mwanzo, hasa usiku wa manane. Kwa kilomita 70 si jambo la kutisha, transfoma yenye hatua inalimaliza. Laini ikiwa ya kilomita 200, weka koili ya kunyonya volti hizo za ziada kwenye bajeti mapema.

Kuna ujanja unaopendwa sana kwenye vikao: jengeni kwa 132, endesheni kwa 33 kwanza, kituo kikubwa kitafuata fedha zikipatikana. Unasikika vizuri, lakini pigeni hesabu. Waya mnene wa 132 ukiendeshwa kwa 33 na mzigo wa megawati 6 bado unashusha volti karibu asilimia 12, kwa sababu ile ile ya usumaku. Ujanja huu unafaa mzigo ukiwa megawati 3 hivi. Kwa eneo letu umeshapitwa na wakati.

Vipi 220? Kwa megawati 28 na kilomita 70, hapana. Ina maana tu kama laini inapita hapo ikielekea mbali zaidi, au kuna bwawa au mgodi unakuja. Kuizika chini ya ardhi? Kebo ya 132 ni ghali mara kadhaa, na kila kilomita yake inakula umeme wa kujichaji yenyewe, kama kapasita, takriban mara ishirini ya waya wa hewani. Iachieni mita mia chache za kuvuka kiwanja cha ndege.

Jua na betri mahali pa laini

Nilisema hazijibu swali moja. Mfumo wa jua na betri unajibu vizuri kilele cha jioni. Kama tatizo ni megawati 2 za ziada kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, betri ya megawati-saa 8 iliyowekwa mwisho wa laini ya 33 inazibeba, inachajiwa mchana na paneli, na laini inapumua. Inajengwa ndani ya mwaka. Haihitaji fidia ya mtu yeyote katika kilomita 70.

Kinachoisumbua ni mzigo wa mchana na usiku unaoendelea kupanda: pampu, viwanda vya kusindika, vyumba vya baridi. Wiki ya mawingu haimwambii mwenye chumba cha baridi asubiri. Kufikisha megawati 28 kwa betri inawezekana, ila kila megawati mpya inanunuliwa upya, wakati laini ya 132 megawati ya 7 na ya 27 zinapita kwenye waya ule ule. Pale mzigo ulipo mdogo na umbali ni mkubwa, tuseme megawati moja kilomita 150 mbali, ningeweka gridi ndogo ya jua bila kufikiri mara mbili. Kwa eneo letu ningeitumia betri kama kiraka cha heshima: inasaidia miaka ya kusubiri, na laini ikifika inabaki kama akiba.

Mkuza, pale mipango inapofia

Mkuza wa laini ya 132, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya nyaya, una upana wa kama mita 30. Kwa kilomita 70 ni hekta 210. Miguu ya minara yote 220, ukiipa kila mnara mita 7 kwa 7, inakalia hekta moja tu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo chanzo cha ugomvi wote. Mpangaji anaona hekta moja. Mwenye shamba anaona mita 30 ambazo hataruhusiwa kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu, na anataka alipwe kwa anachokiona yeye. Ana haki.

Kwa eneo letu kuna njia mbili za kupita. Moja imenyooka, kilomita 66, inakata vilima na bonde lenye maji. Nyingine inafuata barabara, kilomita 74. Kwenye karatasi iliyonyooka inashinda: minara 25 pungufu. Ila hesabu haijataja barabara za muda za kufikisha zege na chuma kwenye kila kilima, na minara iliyo juu ya vilima ndiyo inayopigwa na radi zaidi. Juu ya mwamba mkavu ni kazi kupata ukinzani wa ardhi ulio chini ya omu 10, kwa hiyo radi ikipiga mnara inarukia waya. Inayofuata barabara nayo ina ubaya wake. Barabara hupinda, na kila pembe inataka mnara mzito wenye msingi mkubwa. Tena pembezoni mwa barabara ndipo watu wanapojenga.

Mimi ningeenda na ya barabara, nikiisogeza mita mia tatu au nne nyuma ya nyumba. Sababu yangu ni ya saa nane usiku. Niliwahi kufuatana na mafundi watano kutafuta kikombe kilichopasuka kwenye laini iliyonyooka vizuri sana kwenye ramani. Gari liliishia kwenye matope, tukabeba ngazi na kamba kwa miguu, kurunzi zikimulika mnara mmoja baada ya mwingine, na kikombe chenyewe kilikuwa na ufa usiozidi kidole, ukionekana tu kwa ule weusi wa cheche. Eneo zima lilikaa gizani saa 19. Kando ya barabara ingekuwa saa tatu.

Jambo la fidia nitalisema kwa ufupi: tangazeni tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali siku ile ile vigingi vinapowekwa, maana vibanda huota usiku mmoja. Na lipeni kabla mnara haujasimama. Tathmini iliyokaa miaka miwili bila malipo inawafunga watu mikono, hawajengi wala hawahami, na mwishowe hawamruhusu mkandarasi kuingia.

Ardhi inanipeleka kwenye swali la saketi moja au mbili, yaani mnara ubebe seti moja ya nyaya tatu au seti mbili. Minara ya saketi mbili, ikifungwa nyaya upande mmoja tu kwa sasa, inaongeza gharama ya chuma na misingi, lakini mkuza unabaki karibu ule ule. Waya wa pili utafungwa mwaka wa 12 bila kumhamisha mtu. Kama eneo linajaa watu kwa kasi, ningelipa tofauti hiyo leo, kwa sababu waya na transfoma vitauzwa hata baada ya miaka 15, ila mkuza wa pili huenda usipatikane kwa bei yoyote. Kama ardhi ni tupu na itabaki tupu, saketi moja inatosha, na laini kuukuu ya 33 isibomolewe. Ikibebeshwa megawati 3 tu inashusha volti asilimia 8, kwa hiyo inatosha kuwasha hospitali na pampu za maji siku ile kubwa imelala.

Walio chini ya waya

Laini ya 132 inapita juu ya vijiji isivyoweza kuvihudumia. Huwezi kujenga kituo cha 132 kwa kila kaya mia mbili. Watu wanaona waya, hawana taa, na hapo ndipo vyuma vya minara huanza kufunguliwa bolti usiku.

Dawa zipo. Francesco Iliceto wa Chuo Kikuu cha Roma alibuni mfumo wa kuzitenga kwa vikombe zile nyaya za juu za kinga ya radi na kuzipitisha umeme wa msongo wa kati, zikiendelea kuikinga laini. Ghana iliutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye laini zake za kilovoti 161. Unatakiwa uamuliwe kabla minara haijaagizwa. Baadaye ni shida. Njia nyingine ni waya mmoja unaorudisha umeme kupitia ardhini, ulioasisiwa na Lloyd Mandeno huko New Zealand miaka ya 1920 na kuenea mno mashambani Australia. Ni rahisi, nguzo zake zinaachana mbali, lakini hauwezi mashine kubwa na unadai waya wa ardhini uchimbiwe kwa umakini. Kwa taa na televisheni njiani unafaa. Kwa kijiji kinachotaka mashine ya kukoboa, haufai.

Ile asilimia 8 imetoka wapi?

Kila kitu hapo juu kinasimama juu ya namba hii, na ndiyo namba inayopikwa kuliko zote. Kumbukumbu za laini zinaonyesha megawati 6, lakini hizo ni megawati ambazo laini inaweza, si ambazo watu wanataka. Mwenye mashine wetu hayumo kwenye kilele, kwa sababu saa ya kilele anazima na kuwasha dizeli. Siku volti zikifika 230 atarudi, na wenzake wote, na mzigo utaruka mwaka wa kwanza kuliko grafu yoyote. Upande wa pili kuna viwanda vya kwenye hotuba. Mpango ukisema kiwanda kitatumia megawati 10, omba mkataba uliosainiwa au angalau ombi la kuunganishiwa lililolipiwa. Barua ya nia isihesabiwe.

Mahitaji yakionekana kuwa megawati 12 tu mwaka wa 20, na gridi yenu ina 66, jengeni 66. Zaidi ya hapo, 132 kando ya barabara, na transfoma mbili ndogo za MVA 10 (kipimo cha ukubwa wa transfoma, karibu sawa na megawati) badala ya moja kubwa, na nafasi ya transfoma ya tatu iliyosawazishwa na kumwagwa kokoto ikisubiri.

Kazi inayoweza kuanza wiki hii haihitaji kibali. Fungeni kifaa cha kurekodi volti kwenye nguzo ya mwisho na kiandike kila dakika 10 kwa miezi 12, kiangazi na masika. Kisha mtu apite na daftari ahesabu injini za dizeli zote, banda kwa banda, aandike kilowati za kila moja na saa zinapowashwa.